Ndege Inavyoonekana kutoka Chini

Kijiwe chetu kipo Mtoni, hatua chache kutoka barabara ya Kilwa, ubavuni mwa duka la vifaa vya ujenzi la Sibtain. Benchi ni mbao mbili za paleti zilizotoka Kurasini, zimelazwa juu ya matofali, na ukikaa vibaya zinakubana. Mie ndiye Bakari, mwenye birika, nawamiminia kahawa hawa watu tangu wakiwa na nywele. Kuna Mudathir, tunamwita Rada, kwa sababu aliwahi kupakia mizigo uwanja wa ndege miaka minne na tangu hapo hakuna cha angani asichokijua. Kuna Revelian, ndiye Kontena, wakala wa kutoa mizigo bandarini, Mhaya anayeongea kama anasoma fomu. Kuna Sibtain mwenyewe, tunamwita Gundi. Dukani amemwachia binti yake Misbah, yeye anakaa na sie. Na kuna Fundi Anselmo, Mmakonde, mchongaji, ambaye hatukumpa jina la utani maana hata ungempa asingeitika. Huyo ndiye mwenye ndege.

Aliianza mwezi wa tatu. Kila baada ya alasiri anakuja na mfuko wa saruji mtupu, anatoa tezo, patasi na msasa, na kipande cha mninga chenye urefu wa mkono. Kile kipande kikawa kiwiliwili. Kikaota mabawa. Zikaja injini mbili, kila moja na pangaboi lake la bati linalozunguka upepo ukivuma. Vioo alivikata kwenye chupa za maji. Ndani akaweka watu wanne wa mpingo, kila mmoja mkubwa kama kidole gumba. Siku ninayoisimulia aliileta na kigingi chake, ufito wa chuma uliopinda, akaichomeka juu yake. Ndege ikabaki hewani, imelala ubavu kama inakata kona.

Rada: Fundi, magurudumu yako wapi?

Anselmo: Haina.

Rada: Sasa itatuaje?

Anselmo: Haitui.

Kontena: Bakari, wewe shahidi. Amesema haitui.

Rada: Oya, mie nimefanya kazi na ndege, msinidanganye. Hii ya kivita. Ona hapa tumboni, milango ya mabomu. Hii oda ya jeshi.

Kontena: Jeshi lina ndege za kweli. La mbao la nini?

Rada: La mezani! Mkubwa anaisogeza kwa fimbo, anawaambia vijana wake, adui yupo huku. Wewe wa makontena utajulia wapi?

Kontena: Mie nakwambia huu ni mzigo wa kwenda nje. Kuna Mzungu, babu yake alikuwaga rubani. Amekufa. Wanataka wamwekee juu ya kaburi.

Gundi: Kaburi na mvua ya kwao? Vanishi aliyochukua kwangu ni ya ndani, hiyo haimalizi masika mawili.

Rada: Na tena Mzungu gani huyu? Rubani mweusi tii!

Anselmo: Mie najua mpingo tu.

Rada: Basi nimeelewa. Nyie mnachezea akili ya Fundi. Hii ni ya majaribio. Akimaliza hii ndogo anaunda kubwa, anafunga injini ya bajaji, anaruka nayo mpaka Pugu. Kuna jamaa Kibamba alikaribia kabisa, akakosa bawa moja.

Kontena: Ukikosa bawa moja hujakaribia.

Tukacheka. Anselmo hakucheka wala hakununa. Alikuwa anapitisha msasa kwenye mkia, taratibu, kama anayemkuna mtoto mgongo apate usingizi.

Hapo ndipo alipotokea yule dada. Ana sare ya unesi ndani ya koti jepesi, mkoba begani, anamsubiri dalali amwonyeshe chumba. Jina lake tulikuja kulijua baadaye, Eliaichi.

Eliaichi: Shikamooni wazee.

Tukaitikia marahaba. Nikampa kikombe. Akasimama mbele ya ndege akaiinamia, mikono nyuma, kama mtu aliyekatazwa kugusa.

Eliaichi: Hawa wawili wa mbele wanaendesha. Huyu mwenye vitu masikioni anasikiliza redio. Huyu wa nne, wa dirishani, anaangalia nini?

Miezi minne tulikuwa tunabishana juu ya ile ndege. Tumeuliza magurudumu, tumeuliza mwenyewe nani, tumeuliza itaruka kweli. Hilo hakuna aliyeliuliza. Na kweli yule wa nne alikuwa ameubana uso kwenye kioo cha pembeni, mkono mmoja juu ya paji, anatazama chini. Uso wenyewe haukuwa na macho wala pua. Ulikuwa laini kama kokwa la zambarau.

Anselmo akaukunja msasa, akauweka kwenye mfuko wa saruji.

Anselmo: Anamwangalia dada yangu.

Rada akamsogelea.

Anselmo: Mie kwetu ng'ambo ya Ruvuma. Uwanda wa Mueda. Wakati wa vita na Mreno nilikuwa na miaka sita, labda saba. Asubuhi moja ilitoka hii, upande wa jua, chini kabisa, mpaka majani ya mikorosho yakageuka nyuma mbele. Watu wakatawanyika. Baba akanitupa mgongoni, mama akashika mbele, tukashuka bondeni. Dada yangu Monica alikuwa kwenye kinu. Ana miaka kumi na miwili. Aliacha mchi ndani ya kinu, akakimbia.

Rada: Ikapiga?

Anselmo: Haikupiga. Haikudondosha hata karatasi. Ilipita, ikalala ubavu hivi unavyoiona, ikazunguka, ikapita tena, ikaenda zake. Basi. Tukalala bondeni siku mbili. Wakaja watu wakasema askari wanakuja kwa miguu, tukasogea mtoni, tukavuka, tukaenda Newala. Monica hatukumwona tena.

Kontena: Pole, Fundi.

Anselmo: Mama alisema alimwona anaingia mihogoni. Baba akasema hapana, alikimbilia kwenye mikorosho. Walibishana hilo tangu Newala. Wanakula, wanabishana. Wanapalilia, wanabishana. Mama alipougua ule wa mwisho, baba alikuwa anakaa ukingoni mwa kitanda anamwambia, ni mikorosho, mama Monica. Mama anageukia ukutani. Wamekufa wote wawili hawajakubaliana.

Eliaichi: Na huyu?

Anselmo: Huyu alikuwa dirishani. Nilimwona ndege ilipolala ubavu. Sikuuona uso, niliona weupe tu kwenye kioo, na mkono. Alikuwa anaangalia kule kwenye kinu. Mihogo au mikorosho, huyu alijua.

Nikajishughulisha na mkaa wa jiko, hata haukuhitaji. Anselmo akamgeukia Gundi.

Anselmo: Wewe uliwahi kupanda kandege kadogo.

Gundi: Nilikwenda Mafia. Harusi ya Ummulbanin, binti wa dada yangu.

Anselmo: Chini, mtu anaonekana?

Gundi: Ah, Fundi. Inategemea. Kuna mawingu, kuna ile mitikisiko, mie mwenyewe nilikuwa nasoma dua.

Anselmo: Sibtain.

Hakuna anayemwitaga Sibtain pale. Gundi akakiweka kikombe chake chini.

Gundi: Anaonekana. Nilimwona mama mmoja anaanika dagaa. Kanga yake ilikuwa nyekundu. Alipoondoka nikaona na njia aliyoshika.

Anselmo akatikisa kichwa polepole kukubali, kama mtu aliyeletewa jibu la kipimo alilokwishalijua. Sasa kijiwe chetu kina tatizo moja: kimya hatukiwezi. Rada ndiye aliyeanza.

Rada: Lakini sasa, Fundi, si ushahidi upo! Kila ndege ina sanduku jeusi. Kila kitu kipo humo.

Kontena: Sanduku jeusi linarekodi sauti za marubani, halirekodi watu wa chini. Tena ndege za zamani hizo.

Rada: Sauti si kitu? Huyu wa dirishani anawaambia wenzie, jamani, muoneni yule binti, ameingia kwenye...

Akamtazama Anselmo.

Kontena: Mie nafikiria kitu kingine. Ndege ya vita inayopita mara mbili haidondoshi kitu, ilikuja kufanya nini? Ilikuja kupiga picha. Hiyo ni shughuli ya serikali, na ya serikali haitupwi. Kuna picha Lisboni kwa Mreno, kwenye droo, ina namba ya faili na tarehe.

Rada: Eeh! Na huyu jamaa mwenyewe labda hajafa. Ana miaka themanini, anakaa kwenye varanda anakunywa mvinyo. Ana mjukuu, mjukuu ana Fesibuku. Tunamtafuta kwa sura!

Gundi: Sura ipi? Sura hana.

Kontena: Tunaanza na faili. Barua moja ya maombi, nakala ubalozini.

Wamepamba moto, mmoja anaandika barua hewani, mwingine ameshafika uwanja wa ndege wa Lisboni anasubiriwa na mjukuu. Ndipo tukamsikia Anselmo.

Anselmo: Picha? Ya siku ile?

Ana miaka sitini na kitu yule, lakini sauti ile haikuwa ya mzee. Alikuwa amemshika Kontena mkono wa shati.

Anselmo: Yeye yumo? Anaonekana anakimbia?

Kontena: Fundi... mie nilikuwa nasema tu. Inawezekana. Sijui. Nilikuwa nasema.

Anselmo akamwachia shati. Akalinyoosha pale alipolikunja. Eliaichi alikuwa bado amesimama na kikombe chake.

Eliaichi: Samahani wazee wangu. Mie mgeni. Lakini mbona mnawatafuta waliokuwa juu? Waliokuwa chini wameisha wote?

Akamgeukia Anselmo.

Eliaichi: Baba, umeshawahi kurudi kule?

Anselmo: Sijarudi.

Eliaichi: Miaka yote?

Anselmo: Nikienda nikaambiwa hayupo, mwanangu, narudi na nini? Nikiwa hapa, angalau yupo mihogoni au yupo kwenye mikorosho.

Dalali akampigia Eliaichi simu, yupo kona ya pili. Akanirudishia kikombe, akapiga hatua mbili, akageuka.

Eliaichi: Basi usiende wewe. Iende hiyo ndege.

Kesho yake tukapiga picha. Kontena anamjua dereva, Brightson, ambaye semi yake inavuka Daraja la Umoja kupeleka saruji mpaka Mueda. Atakuwa na picha kwenye simu, ataionyesha sokoni kwa watu wazima wa makamo ya Fundi. Gundi akatoa simu yake, ndiyo yenye kamera ya maana, akaiweka ndege juu ya kaunta ya duka na kitambaa cheupe nyuma. Ikatoka safi kama ya kalenda. Anselmo akaitazama akaikataa.

Anselmo: Hivi inaonekana kwa ndege mwenzie. Sie tuliiona tumbo.

Basi Rada akalala chali kwenye vumbi mbele ya benchi, simu juu ya pua. Kontena akapanda juu ya benchi, akaushika ule ufito na kuinyanyua ndege juu ya kichwa chake, jua nyuma yake. Anselmo anamwelekeza: ilaze zaidi, bawa la kushoto chini, zaidi, leta dirisha huku. Upepo ukaja kidogo, mapangaboi yakazunguka. Rada, ambaye hajawahi kunyamaza dakika nzima, akanyamaza.

Kontena: Rada, umelala?

Rada: Jamani, ukiwa huku chini inatisha.

Ikapigwa. Anselmo akaiangalia ile ya tatu, akakaa chini bila kutazama kama kuna benchi. Simu imelala kwenye viganja viwili. Halafu akasema, "Ndiyo hii," akamwambia Kontena aandike: jina la zamani la kitongoji, Monica, msichana wa kwenye kinu, mihogo au mikorosho.

Ujumbe ukaenda. Majibu hayakuja.

Wiki mbili, tatu. Kule hakujatulia siku hizi, watu wamehamahama, mtandao unakatika. Anselmo anakuja kila siku na mikono mitupu. Hachongi. Anaiweka mikono mapajani, anaitazama kama ya mtu mwingine. Rada akaona kazi hiyo ni yake, akaanza kumletea habari za Monica. Wiki ya kwanza Monica alikuwa bibi mwenye shamba la korosho hapo hapo Mueda. Ya pili akahamia Pemba, ile ya ng'ambo ya Ruvuma, ana mgahawa, anapika pweza, wanajeshi wanapanga foleni. Ya tatu akaolewa na Mreno daktari, yupo Ulaya, ana watoto saba, mmoja padri.

Kontena: Daktari gani wa watoto saba?

Rada: Daktari wa kweli! Wanakaa milimani, huko barafu mpaka dirishani.

Anselmo: Hapana. Monica hapendi baridi.

Alisema "hapendi". Rada akamrudisha Monica Pemba siku hiyo hiyo.

Ilikuwa Alhamisi ya mwezi wa nane, Kontena akaja kabla ya muda wake wa kutoka kazini. Simu ameishika mbali na mwili kama kikombe kilichojaa. Eliaichi alikuwepo, chumba alikipata nyumba ya tatu na sasa hupita kila akitoka zamu.

Kontena: Fundi. Ni sauti. Brightson kaituma. Sijaisikiliza.

Akabonyeza. Ikaanza Kimakonde, sauti ya mwanamke mzee, nzito. Anselmo akainua mkono tunyamaze, na hakuna aliyekuwa anaongea. Kisha ile sauti ikahamia Kiswahili, kile cha ng'ambo.

"Naitwa Bernadeta. Dereva alionyesha picha sokoni, jirani akaja na simu kwangu, maana mie sokoni siendi tena, miguu. Nilipoiona niliifunika na kanga. Ndiyo yenyewe. Mie ni wa kitongoji hicho. Nilikuwa na miaka tisa. Nilikimbilia mihogoni. Tulikuwa kumi na mmoja humo mihogoni, tulilala kifudifudi mpaka giza, nawajua wote kwa majina. Monica wa kwenye kinu namkumbuka. Hakuwemo. Nasema mbele ya Mungu, hakuwemo. Wa kwenye mikorosho hatukukutana nao tena, sijui waliishia wapi."

Anselmo: Mikorosho.

Alilisema chini sana. Akajifuta uso kwa kiganja, mara moja, kutoka juu mpaka kidevuni.

Anselmo: Baba alikuwa sahihi. Mzee wa watu. Alikuwa sahihi muda wote.

Rada akamshika bega. Tulidhani sauti imekwisha. Kumbe yule mama alikuwa anavuta pumzi tu.

"Sasa na mie nakuuliza, ndugu yangu. Nina mdogo wangu wa kiume, Ferdinand. Miaka mitano, alikuwa amevaa shati la baba linamfika miguuni, na alikuwa amebeba kuku. Hakutaka kumwachia. Mihogoni hakuwa na sie. Kila mtu aliniambia labda alifuata watu wa bondeni. Wewe ulishuka bondeni. Ulimwona?"

Ikaishia hapo.

Nikamtazama Rada, mwenye jibu la kila kitu. Alikuwa anatazama vidole vyake vya miguu. Gundi anasogeza midomo, anasoma dua. Eliaichi ameshika mkoba kwa mikono miwili.

Anselmo: Rudisha hapo kwenye kuku.

Kontena akarudisha. Akarudisha tena. Mara ya tatu Anselmo alikuwa amefumba macho.

Eliaichi: Baba, ulikuwa mdogo. Si lazima umjibu leo.

Anselmo: Nilikuwa mgongoni kwa baba. Baba anatazama mbele. Mie natazama nyuma.

Akanyoosha mkono kuitaka simu, akakuta hajui pa kubonyeza. Kontena akamsogelea, akaishika mbele ya mdomo wake, akabonyeza na kushikilia.

Anselmo: Bernadeta. Mie Anselmo, mdogo wake Monica. Huyo wa kuku sijamwona bado. Lakini subiri, usichoke. Nitakutajia waliokuwa nyuma yetu kwenye ile njia, mmoja mmoja, kama walivyokuwa wanakuja. Wa kwanza alikuwa mwanamke mwenye mimba, amejifunga kitambaa cha buluu. Nyuma yake wazee wawili wameshikana. Nyuma yao...

Macho bado amefumba, akaigeuza shingo nyuma. Kontena alikuwa bado amebonyeza, simu inarekodi, na hakuachia.